Simba wa Saa Nne Asubuhi

Nchi ninayoisimulia haipo. Nasema haipo kwa sababu nimeambiwa niseme haipo, na aliyeniambia alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Inaitwa Jamhuri ya Shangwe. Ina bendera, ina wimbo, ina mlima mmoja ambao kwenye takwimu ni miwili, lakini haipo. Msomaji akiona kitu kinafanana na cha kwao, hiyo ni hila ya macho yake, akapimwe.

Mimi ni Bi Tatu, mpishi wa shughuli katika kijiji cha Tegemeo. Harusi, ngoma, matanga, mkiniita nakuja na mwiko wangu. Siasa sina. Adui yangu ni mmoja tu, mtu anayekula bila kuchangia, na huyo namtaja kwa jina mbele ya wakwe zake. Haya ninayosema nimeyaona, na machache ambayo sikuyaona nimeambiwa na watu waliokuwa karibu zaidi na dirisha.

Kwenye nembo ya Shangwe kuna simba. Amekaa kitako, mdomo wazi, utadhani anasubiri kulishwa. Simba wa kweli hatuna. Wa mwisho alikufa zamani. Wengine wanasema alikufa kwa uzee, wengine wanasema aliliwa kwenye dhifa ya taifa. Mimi dhifani sikualikwa, kwa hiyo sijui.

Basi siku moja karibu na uchaguzi, Waziri wa Machozi na Faraja, Mheshimiwa Dakta Tandaza, akahutubia redioni.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu sikivu, inayoona bila kutazama na kusikia bila kusikiliza, imeamua! Raia yeyote atakayeliwa na simba, nasema simba, siyo fisi, siyo mamba, siyo mkopeshaji, familia yake italipwa kifuta machozi cha shilingi milioni hamsini! Taslimu! Na Mtukufu Kiongozi Wetu mwenyewe atakuja kuwapa pole!"

Kifuta machozi, kwa asiyejua, ni fedha anazopewa mtu aliyefiwa kwa sababu ya mnyama wa serikali. Ahadi ilikuwa nzuri sana kwa sababu haikuwa na gharama. Nani ataliwa na simba katika nchi isiyo na simba? Waziri alilia pale pale kwenye kipaza sauti kwa uchungu wa ukarimu wake, na redio ikapiga wimbo wa taifa mara mbili.

Kumbe kuna mtu alikuwa anasikiliza.

*

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, ni Fungameza, fundi redio. Kazi yake ilishakufa tangu watu waanze kusikiliza kila kitu kwenye simu, lakini yeye kila siku anafungua kibanda, anaiharibu redio yake mwenyewe, anaitengeneza, anajishukuru. Mkewe ni Sikudhani, mwanamke mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Walikuwa wanapendana, hilo lazima niliseme mapema. Chakula kilikuwa cha kubahatisha ila vicheko havikuisha, mpaka nikawa nagonga ukuta kwa mwiko.

"Mke wangu," nikamsikia Fungameza akisema, maana ukuta wenyewe ni wa udongo, "mimi nikiliwa na simba utafanyaje?"

"Nitalia."

"Kwa milioni hamsini?"

"Nitalia kwa kiasi."

Wakacheka. Halafu wakanyamaza ghafla, na ukimya ule haukunipendeza hata kidogo.

Wakamwita Kambangwa, kaka yake Sikudhani. Kambangwa ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya kijiji, mtu ambaye akikuamkia unajishika mapigo ya moyo. Wakapanga. Fungameza apande darini, juu ya dari ya nyumba yake, akae huko mpaka fedha zitoke. Baadaye wahamie mkoa mwingine, yeye afuge ndevu, maisha yaendelee. Walitaka simba aje alfajiri kama simba wenye adabu, lakini Fungameza alikataa katakata kuliwa kabla ya chai. Ndiyo maana yowe lilipigwa saa nne asubuhi.

"Uwiii! Uwiii jamani! Simba kamla mume wangu!"

Tukakimbia. Uani tukakuta shati lililochanika, damu nyingi yenye harufu ya buchani, na kandambili moja. Sikudhani anagaagaa chini, ila anagaagaa kwa uangalifu maana alivaa khanga mpya.

"Simba saa nne asubuhi?" akauliza mtu mmoja nyuma.

"Kwani simba ana saa?" akajibu Kambangwa.

Hoja ikaisha hapo. Tukazika ile kandambili ndani ya jeneza kamili, la mbao ngumu, alilotengeneza seremala kwa ahadi ya kulipwa milioni zikifika. Mchele nao niliutoa mimi kwa ahadi hiyo hiyo. Mwenyekiti wa kijiji alitoa muhuri kwa ahadi. Kijiji kizima kiliomboleza kwa ahadi, na sijawahi kuona msiba wenye watu wachangamfu kiasi kile.

Na sifa je! Mtu aliyemnyima Fungameza maji ya kisima akasimama akasema tumepoteza nguzo. Mwingine akasema marehemu alikuwa na sauti nyororo, na Fungameza ana sauti ya debe. Darini kulisikika mtu akipenga kamasi. Nadhani alikuwa amejililia.

*

Wizara ikamleta Afisa Machozi wa Wilaya, Bi Leokadia. Mwembamba, mkoba mkubwa, uso wa mtu aliyezaliwa siku ya kazi. Akatoa kijiko cha chai kwenye mkoba.

"Mjane ni nani? Mama, pole sana. Lia hapa, tafadhali. Kiwango ni kijiko kimoja, bila kumwagika."

Masikini Sikudhani! Machozi yakagoma. Kila akijitahidi anakumbuka mume wake yuko juu ya kichwa chake anakula karanga, anataka kucheka. Ikabidi nimpitishie kitunguu chini ya upande wa khanga. Kijiko kikajaa. Bi Leokadia akayaonja kidogo kwa ncha ya ulimi, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Chumvi inatosha. Sasa, simba yuko wapi?"

"Ameondoka," akasema Kambangwa.

"Bila simba hakuna malipo. Tutajuaje hakuliwa na chui? Chui yuko wizara nyingine."

Akafunga mkoba, akaondoka. Kijiji kikainama. Kumbe huko wizarani taarifa ilipofika hawakuhuzunika hata kidogo, walikumbatiana. Nchi yenye simba mla watu inapewa fedha na wafadhili: fedha za kumlinda simba dhidi ya watu, fedha nyingine za kuwalinda watu dhidi ya simba, na semina ya hotelini ya kuwapatanisha. Fungameza mmoja aliyeliwa alikuwa na thamani kubwa kuliko Fungameza wote walio hai. Kilichopungua ni simba tu.

Ikatangazwa Zabuni ya Ugavi wa Simba Mmoja, Mla Watu, Aliyetumika. Zikashindwa kampuni zote isipokuwa ya mke wa Waziri, ambayo mwaka uliopita ilipewa kazi ya kuleta madawati na madawati bado yako njiani. Safari hii walijitahidi. Wakapata simba kutoka nchi jirani, kwenye sarakasi iliyofungwa kwa kukosa watazamaji. Aliitwa Bonifasi. Mzee, jicho moja limeingia ukungu, mdomoni hana jino hata la dawa. Alikuwa amezoea uji wa ulezi na kupigiwa makofi.

Akawekwa kizimbani kijijini kwetu, na mimi nikateuliwa Mpishi Mkuu wa Simba wa Taifa. Sikuomba cheo, jamani, nilipewa. Bonifasi nilimpenda. Akimaliza uji anashukuru kwa kichwa, jambo ambalo binadamu wa Tegemeo hawajawahi kunifanyia.

*

Ikafika arobaini ya marehemu. Pilau ikapikwa, Bi Leokadia akawa mgeni rasmi, na Kambangwa akasimama kusoma wasifu wa shemeji yake.

"Siku moja kabla hajaliwa," akasema, sauti inatetemeka vizuri, "marehemu aliniita. Akaniambia, shemeji, mimi naona kama nitaliwa. Kibanda changu cha redio, na redio zote, ni zako."

"Mwongo wewe!" ikasikika kutoka juu. "Sijasema!"

Bi Leokadia akaweka mnofu chini.

"Nani huyo?"

"Mwangwi," akasema Kambangwa.

"Mwangwi nyoko!" ikajibu dari, na kwa hasira Fungameza akasogea mahali ambapo hapakuwa na mbao. Ubao ukavunjika, akashuka mzima mzima, akatua kwenye sinia langu la pilau. Sinia la watu wanane! Nilitamani simba awe wa kweli.

Bi Leokadia akamtazama akitoa wali masikioni.

"Wewe ni nani?"

Fungameza akafikiri. "Marehemu," akasema.

"Vizuri. Bwana Fungameza, taarifa ya kuliwa kwako imesainiwa na Mtukufu mwenyewe, na Mtukufu hakosei. Kwa hiyo umeliwa. Wewe sasa ni marehemu wa serikali, na marehemu wa serikali hapigi kelele kwenye arobaini yake. Naomba uwe na nidhamu. Rudi juu."

Akarudi juu. Alisaidiwa na seremala na mwenyekiti wa kijiji, mmoja akishika mguu huu na mwingine ule. Sisi wengine tuliangalia sahani zetu. Tungesema nini? Kila mtu alikuwa na fungu lake kwenye zile milioni, na mchele wangu ulikuwa mwingi.

*

Mtukufu Kiongozi Wetu wa Kudumu na Akiba akaja mwenyewe kumkagua simba. Alikuja na msafara mrefu kiasi kwamba gari la kwanza liliondoka kabla la mwisho halijafika. Akasimama mbele ya kizimba. Bonifasi alikuwa anakunywa uji, na kila akilamba mara moja anapumzika.

"Huyu ndiye kala mtu?" akauliza Mtukufu. "Mbona anakunywa uji kama mjomba wangu?"

"Anakula watu kwa msimu, Mtukufu," akasema Waziri Tandaza, jasho linamtiririka.

"Basi msimu ufunguliwe. Jumamosi, kiwanjani, nataka kumwona akila. Wafadhili waalikwe. Waje na mabegi yao."

Msafara ukaondoka na Waziri akakaa chini kwenye majani. Yeye na maofisa wake wakafanya kikao cha dharura pale pale, mimi nikiwa nakoroga. Tatizo, wakasema, ni bajeti. Raia mwingine akiliwa, ni milioni hamsini nyingine, na kifungu hakina kitu.

Bi Leokadia akainua mkono. "Mheshimiwa, tunaye mtu ambaye ameshaliwa. Huyo akiliwa mara ya pili hatulipi tena."

Waziri akasimama, akamkumbatia, akampandisha cheo kabla hajamwachia.

Jioni hiyo kamati ya mazishi yote ikaenda kwa Fungameza. Wakasimama chini ya ule upenyo wa dari, wakaangalia juu kama watu wanaoomba mvua.

"Shemeji," akaanza Kambangwa, "tunakuja kwa unyenyekevu. Ni shughuli ndogo tu."

"Kuliwa ni shughuli ndogo?"

"Hataweza kukula! Bonifasi hana meno. Muulize Bi Tatu."

"Hana," nikasema. Siku ile ilikuwa kweli.

"Atakumumunya kidogo, utapiga kelele, pazia litashushwa, basi. Wazungu watashangilia, fedha zitatoka. Fungameza ndugu yangu, usituangushe. Kijiji kizima kinakutegemea."

"Jeneza langu la mbao ngumu," akasema seremala, "nalikumbuka kila nikilala."

Fungameza akamtazama mkewe. Sikudhani alisimama mlangoni, anavuta uzi kwenye upindo wa khanga.

"Mke wangu, wewe unasemaje?"

"Kwani hana meno," akasema Sikudhani. "Hana meno, mume wangu. Ni siku moja tu."

Akakubali. Mwanamume akimwamini mke huwa hivyo, jamani, hata darini.

*

Waziri Tandaza hakulala kwa raha. Simba atakayemumunya mtu mbele ya wafadhili ni aibu kwa nembo ya taifa. Akamwita fundi wa mageti. Yule fundi akafua meno ya chuma, seti nzima, juu na chini, yenye ncha kama zile zinazowekwa juu ya kuta za wenye nazo. Hakupima mdomo wa simba, maana alisema hajalipwa vya kutosha kuingiza mkono. Alikadiria kwa kutazama nembo. Na mimi nikaamriwa nisitishe uji. Bonifasi akanipigia kwato za miguu sakafuni, siyo kwato, nyayo, akinitazama na lile jicho zima, na nilijisikia vibaya kweli kweli.

Nikaenda kwa Sikudhani, nikamwambia yote. Meno, ncha, njaa.

Alipauka. Akatupa upawa aliokuwa ameshika, akatoka mbio mpaka kwa Bi Leokadia, mimi nyuma yake nikihema.

"Sitaki!" akapiga kelele. "Sizitaki fedha zenu! Mtamuua mume wangu!"

Bi Leokadia akamkaribisha kiti. "Mama, mume wako amekufa. Tulikuwepo kwenye arobaini yake. Ila naona una majonzi ya ziada, na wizara inalo fungu la majonzi ya ziada. Tuseme milioni sitini."

Sikudhani akakaa kwenye kiti. Nilimwona akifikiri, naapa nilimwona. Ile milioni kumi ilikuwa inapita usoni mwake kama kivuli cha wingu.

"Sabini," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Tukarudi nyumbani. Darini Fungameza alikuwa anaimba, anajinyoa, anauliza kama atavaa shati jeupe.

*

Jumamosi kiwanja kikafurika. Bendi ya polisi, maturubai, wafadhili na mabegi yao mstari wa mbele. Kizimba katikati, Bonifasi ndani, mdomo umefungwa kwa kitambaa chenye rangi za taifa. Waziri akachukua kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana! Mtamwona mjitoleaji wa kizalendo, ambaye kwa mapenzi yake kwa nchi, na bila malipo, narudia, bila malipo, ameamua kuliwa!"

Makofi. Fungameza akapita katikati ya watu na shati lake jeupe. Alipofika kwenye mlango wa kizimba akasimama mbele ya mkewe, karibu kabisa. Mimi nilikuwa ubavuni mwake na sufuria tupu.

"Sikudhani, mbona wamemfunga mdomo?"

"Mapambo," akasema Sikudhani.

"Hana meno, sivyo?"

Hapo kulikuwa na nafasi. Ilikuwa nafasi ndefu, bendi yenyewe ilikuwa imepumzika, hata kikohozi kingesikika. Nilitaka kusema, lakini mchele ule, wenzangu.

"Hana," akasema Sikudhani.

Akaingia. Mlango ukafungwa kwa komeo, na kijana wa usalama akavuta kamba kutoka nje, kitambaa kikadondoka. Bonifasi akafungua mdomo, na jua likapiga kwenye ule mtambo. Kiwanja kizima kikasema "Aaa!" Fungameza alimgeukia mkewe taratibu, na uso wake sitaki kuueleza. Sikudhani akaziba macho kwa viganja vyote viwili.

Bonifasi akaja. Ana njaa, anatoa udenda, kila hatua chuma kinagongana mdomoni, kang, kang. Fungameza akarudi nyuma mpaka nondo zikamzuia. Simba akaachama mbele ya uso wake, akavuta pumzi, akapiga chafya.

Meno yote yakatoka. Ya juu yakampiga Fungameza kifuani, ya chini yakaangukia kidole gumba cha mguu, kikatoka damu. "Mamaaa!" akapiga kelele, na hiyo ndiyo ilikuwa damu pekee iliyomwagika katika historia ya simba wa Shangwe. Bonifasi akajilaza, akaweka kichwa chake kizito kwenye mapaja ya fundi redio, akaanza kunusa mifuko kama kuna uji. Mkono wa Fungameza ukaanza kumkuna simba nyuma ya sikio, nadhani wenyewe.

Mtukufu akainuka. "Nini hiki? Nani huyu mtu?"

Kabla Waziri hajajibu, sauti ya debe ikatoka kizimbani.

"Mimi ni Fungameza! Wa Tegemeo! Fundi redio!"

"Fungameza siyo aliyeliwa?" akauliza Mtukufu, na aliuliza polepole, na wafadhili wakaanza kufunga mabegi.

"Tapeli, Mtukufu!" Waziri akadakia. "Anajifananisha na shujaa wetu! Mjane yupo, wanakijiji wapo, waulizwe!"

Wakatugeukia sisi. Nitasema kweli, hatukuchelewa. "Hatumjui!" tukapiga kelele, kamati, seremala, mwenyekiti, Kambangwa akituongoza kwa mkono kama kwaya. Sauti yangu mimi ni nzito, husikika mbali. "Hatujawahi kumwona!"

"Na wewe, mama mjane? Unamfahamu mtu huyu?"

Sikudhani akatoa viganja machoni. Machozi yalikuwa yanamwagika, na safari hii hakukuwa na kitunguu. Yangejaza kikombe, ila Bi Leokadia hakutoa kijiko.

"Simjui," akasema.

Fungameza akainamisha kichwa. Akaokota yale meno ya chuma, akayafuta kwa shati lake jeupe, akayatia mfukoni.

Mtukufu akatoa hukumu papo hapo, maana yeye ni mahakama pia. Mtu asiyejulikana na raia hata mmoja, ambaye anajulikana na simba peke yake, ni ndugu wa simba. Simba ni mgeni, na amedhalilisha nembo. Wote wawili wafukuzwe nchini kabla ya magharibi. Bendi ikapiga, lori likaja, wakapakiwa pamoja. Wafadhili walifurahi sana, walidhani ni igizo, wakatoa fedha za vikundi vya sanaa.

*

Sikudhani akakabidhiwa hundi kubwa kuliko mlango wa benki. Ikabidi aende na kamati, wameibeba mabegani kama jeneza, na benki ikaikata kwanza iweze kuingia, kisha ikaikata tena kwa sababu za kiserikali: bei ya simba, nauli ya simba, meno ya simba, maturubai, bendi, kodi ya majonzi, kodi ya majonzi ya ziada. Seremala akachukua chake. Mwenyekiti wa kijiji akachukua chake. Kambangwa akachukua cha uenyekiti na cha undugu. Mimi nikachukua cha mchele tu, na cha pilau iliyoharibika.

Kilichobaki kilikuwa nauli ya lori la vitunguu hadi mpakani, ya kwenda tu.

Aliitazama ile nauli kiganjani, pale pale ngazini pa benki. Kambangwa akamwambia aiweke akiba, wakapange jambo jingine, kwamba sasa kuna fununu ya kifuta machozi cha mamba. Sikudhani akamtukana tusi ambalo siwezi kuliandika, akapanda lori, akakaa juu ya vitunguu. Wiki ile ile Kambangwa akapeleka ombi wizarani kwamba dada yake naye kaliwa na simba njiani. Nimesikia limekubaliwa kimsingi.

Yaliyobaki nimeyapata kwa dereva wa lori. Anasema ng'ambo ya mpaka, hatua chache kutoka kwenye kizuizi, kuna ua wa mabati uliochorwa simba ubavuni, na watu wanalipa kiingilio kumwona Bonifasi akinywa uji huku redio inapiga muziki. Sikudhani alishuka, akajipangusa maganda, akasimama mlangoni. Fungameza akatoka ameshika bisibisi. Walitazamana mpaka dereva akaona haya.

"Karibu, mama," akasema Fungameza. "Tunafahamiana?"

"Hatufahamiani. Mimi ni mgeni hapa. Naitwa Sikudhani."

"Mimi Fungameza. Umekuja kumwona simba?"

"Nimekuja." Akachungulia ndani, kulikuwa na giza na harufu ya mnyama, na kitu kikubwa kikapiga miayo. "Ana meno?"

Fungameza akatia mkono mfukoni, na dereva anaapa alisikia chuma kikigongana. Hakutabasamu. Alimtazama mkewe machoni.

"Hana," akasema.

Sikudhani alisimama pale, akavua viatu kama mtu anayeingia kwa watu, akaingia.